Glock 17, CZ 75 B au Beretta 92FS: nichukue ipi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni Mkenya, naishi Houston, Texas, nina grini kadi na umri wangu ni miaka 34. Nataka bastola moja ya ukubwa kamili, ikae nyumbani na niwe naipeleka renji (uwanja wa shabaha) wikendi. Nimesoma maoni ya wenye nazo hadi nimechanganyikiwa: huyu anasema Glock 17 haifi, yule anaapia Ceska 75 (yaani CZ 75), mwingine anasema Beretta 92FS ni tamu lakini inavunjika. Mikono yangu ni midogo. Duka moja la karibu lina CZ 75 B iliyotumika kwa bei nzuri. Nimwamini nani, na hiyo ya duka niikague vipi?

JIBU: Ndugu yangu, maoni ya mwenye bastola yapime hivi: ameipiga risasi ngapi, za aina gani, na kilichoharibika ni kifaa kipi. Anayesema "nimepiga 200 haijakwama" hajakuambia kitu, maana kila bastola ya kiwanda kinachoeleweka inapaswa kufika huko bila kulalamika. Anayekuambia springi fulani ilikatika, na akataja baada ya risasi ngapi, huyo msikilize hata kama anaisema vibaya unayoipenda.

Tena malalamiko mengi ni ya mkono kuliko chuma. Utasoma, kwa mfano, kwamba "slaidi haibaki wazi risasi zikiisha"; slaidi ni kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila unapopiga. Kwenye bastola kubwa, anayeshika kwa kuelekeza vidole gumba vyote viwili mbele hukilalia kizuizi cha slaidi, kile kinachoishikilia ikiwa wazi, bila kujua, kikashindwa kupanda. Shusha kidole gumba, au mpe mtu mwingine apige magazini moja. Tatizo likiisha, bastola ni nzima. Likibaki kwa magazini moja tu, lawama ni ya springi ya magazini hiyo. Lalamiko jingine ni ganda kusimama wima kwenye dirisha la kutolea maganda badala ya kuruka nje. Hapo mara nyingi kifundo cha mkono kimelegea, fremu (mwili wa chini wenye mpini) ikarudi nyuma pamoja na slaidi, na slaidi ikakosa nguvu ya kumaliza safari yake. Bastola nyepesi za plastiki huonyesha kosa hilo haraka zaidi. Risasi dhaifu za mazoezi nazo huchangia bastola ikiwa mpya na springi yake bado ngumu. Kabla ya kulaumu mtu, badilisha risasi za greni 115 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) ujaribu za greni 124.

Sasa mkono wako, ambao mimi naupa uzito kuliko jina la kiwanda. Bastola ikiwa tupu, na umekagua mwenyewe kwamba ni tupu, ishike juu kabisa, ule utando wa kati ya gumba na shahada ukae chini ya mkia wa fremu, na mtutu ufuate mstari wa mkono hadi kiwiko. Bila kuzungusha kiganja, weka kidole kwenye triga. Nyama ya ncha ya kidole ikikaa katikati ya triga, bastola ni yako. Ikibidi uzungushe kiganja ndipo ufike, kila risasi utaisukuma pembeni, na hakuna mazoezi yatakayotibu hilo kikamilifu.

Kwa kipimo hicho Beretta 92FS ndiyo ya kwanza ninayoiondoa kwa mkono mdogo. Mtutu wake ni milimita 125, magazini ni ya risasi 15, na uzito unakaribia gramu 950. Ni laini kupiga, hilo ni kweli. Lakini mpini ni mnene, na mvuto wa kwanza wa triga, nyundo (kile kipande cha nyuma kinachogonga) ikiwa imelala, ni mrefu na mzito, kilo 5 hivi. Usalama wake, lile komeo la kuizuia isipige, uko juu ya slaidi, na anayekoki (kuvuta slaidi nyuma na kuiachia) kwa haraka anaweza kuushusha bila kutaka, akavuta triga pasitokee kitu. Kuhusu "inavunjika": kifaa cha kutazama ni kile kipande cha chini ya mtutu kinachofunga na kufungua, ambacho huweza kupata ufa kwenye mabawa yake kikishatumika sana. Kinabadilishwa, wala si siri. Jeshi la Marekani liliichagua 92F, toleo lililoitangulia hii, mwaka 1985 kwa jina la M9, na sehemu kubwa ya sifa yake mbaya huko Iraki ilitokana na magazini za mkandarasi ambazo rangi yake nzito ya ndani ilishika mchanga. Anayeilaumu bastola kwa hilo anaionea.

Glock 17 inajulikana: 9x19, risasi 17, mtutu wa milimita 114, gramu 630 hivi bila magazini. Triga ni ile ile kutoka risasi ya kwanza hadi ya mwisho, uzito wake karibu kilo 2.5, na haina komeo la kusukuma kwa kidole. Usalama uko ndani yake na kwenye ulimi wa triga, kwa hiyo nidhamu ya kidole ndiyo komeo. Ukichukua Gen5 (kizazi cha tano), ijaribu bila kile kipande cha ziada cha nyuma ya mpini. Hapo ndipo inapokuwa ndogo kabisa mkononi. Jambo moja ambalo wenye nazo hulitaja kwa sauti ya chini: ili kuifungua kwa usafi lazima uvute triga. Aliyesahau risasi kwenye chemba (nyuma ya mtutu, risasi inapokaa tayari kupigwa) hutoboa ukuta wa chumba chake, au zaidi ya ukuta. Toa magazini kwanza, koki, tazama chemba, ingiza kidole, tazama tena, ndipo uvute ukiwa umeelekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu.

CZ 75 B ni chuma tupu, kilo moja bila risasi, magazini ya 16, mtutu wa milimita 120. Ilibuniwa na ndugu wawili, Josef na František Koucký, na hutengenezwa Uherský Brod. Slaidi yake hupita ndani ya reli za fremu badala ya nje. Kwa sababu hiyo inakaa chini mkononi na mdomo wake hauruki sana, ila sehemu ya kushika wakati wa kukoki ni nyembamba. Kwa vidole vidogo kuna mbinu: vuta nyundo nyuma kwanza kwa gumba, kisha ndipo uvute slaidi. Hapo hupambani tena na springi ya nyundo, na tofauti utaihisi mara moja.

Mpini wake huwafaa wengi wenye mikono midogo, lakini triga ina sura mbili. Nyundo ikilala, triga iko mbali mbele na nzito. Nyundo ikiwa imekokiwa, triga imerudi nyuma na kuwa nyepesi, na kidole kifupi kinafika bila shida. Usalama wa 75 B hufungwa nyundo ikiwa imekokiwa tu. Anayetaka nyundo ilale juu ya risasi iliyo chemba lazima aishushe kwa gumba huku anavuta triga, na hapo ndipo watu huteleza. Toleo la 75 BD lina kishushio cha nyundo kinachofanya kazi hiyo kwa usalama. Kwa matumizi uliyoyataja, hata hivyo, shida hiyo haikuhusu sana: bastola inakaa kwenye sefu, magazini imejaa, chemba tupu. Siku ukiihitaji utakoki, na kukoki kunaacha nyundo nyuma, kwa hiyo risasi ya kwanza inatoka kwa triga fupi. Ukitoka renji, toa risasi zote. Usishushe nyundo juu ya risasi hai hata siku moja.

Kwa hiyo ushauri wangu: ikiwa CZ ya dukani itakaa vizuri mkononi na kupita ukaguzi, ichukue. Isipopita, nunua Glock 17 mpya, Beretta uwaachie wenye viganja vipana.

Ukaguzi. Omba ruhusa ya kuifungua. Duka likikataa, ondoka. Baada ya kuhakikisha ni tupu, koki nyundo, kisha isukume mbele kwa gumba kwa nguvu ya wastani bila kugusa triga. Ikianguka, ngazi za kufungia nyundo zimelika au kuna mtu amezisugua ili triga iwe nyepesi. Hiyo usiinunue kwa bei yoyote. Koki tena, funga usalama, vuta triga kwa nguvu, achia, fungua usalama: nyundo lazima ibaki palepale. Kisha mulika ndani ya mtutu. Ukiona mduara mweusi unaozunguka ukuta wote, risasi iliwahi kukwama humo na nyingine ikapigwa nyuma yake, mtutu umevimba.

Kuifungua, vuta slaidi nyuma kidogo hadi mistari miwili midogo ya upande wa kushoto nyuma, mmoja kwenye slaidi na mmoja kwenye fremu, ilingane. Sukuma pini ya kizuizi cha slaidi kutoka kulia, itoke kushoto. Itazame pini hiyo kwa lensi, maana ni kifaa kinachojulikana kwa kukatika kwenye bastola hizi. Tazama pia chini ya mtutu na kwenye reli kama kuna ufa au chuma kilichonyanyuka. Mikwaruzo ya rangi ni bure, usilipunguzie duka heshima kwa hiyo. Punguza bei tu.

Hata ikiwa safi, iwekee bajeti ya springi mpya ya kurudisha slaidi, springi ya kurudishia triga (nayo hukatika), na kizuizi cha slaidi cha akiba. Nunua pia risasi za bandia. Kwenye modeli B, ile pini ndogo inayoshikilia pini ya kufyatulia hupondeka ukizoea kuvuta triga juu ya chemba tupu.

Makaratasi ni mepesi lakini hayana utani. Mwenye grini kadi anaruhusiwa na sheria ya Marekani. Aliye kwa viza ya muda, kama ya masomo au kazi, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Dukani lazima uwe umetimiza miaka 21, ujaze Fomu 4473, uandike namba yako ya uhamiaji, kisha wafanye ukaguzi wa kumbukumbu zako. Jibu likichelewa, usigombane na muuzaji. Usimnunulie binamu asiyeruhusiwa: tangu 2022 kosa hilo lina sheria yake ya shirikisho, kifungo hadi miaka 15. Na usifikirie kuifungasha kwenda nayo nyumbani. Kenya inataka cheti chake chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Marekani yenyewe inadhibiti usafirishaji. Kama una watoto nyumbani, sheria ya Texas inakushtaki ukiacha silaha yenye risasi kizembe na aliye chini ya miaka 17 akaifikia, kwa hiyo sefu inunuliwe siku moja na bastola.

Risasi za kuanzia: 300 za mazoezi, zenye koti kamili la shaba, na 100 za aina utakayoiweka nyumbani, ile ya ncha yenye tundu. Zote zipite bila kukwama kwa kila magazini utakayoitegemea. Ziandike magazini namba 1, 2, 3 ili ujue ipi ina kasoro. Mafuta: tone moja kila reli na jingine juu ya mtutu unapokutana na slaidi. Usitie kwenye tundu la pini ya kufyatulia wala ndani ya chemba. Mafuta hukusanya masizi, pini ikapungua kasi, na fataki ya risasi ikagongwa bila kuwaka. Hilo likitokea renji, shikilia bastola imeelekea shabaha kwa sekunde 30, kisha ndipo utoe risasi.