Samatta hakufeli Ulaya

Ndugu, kusema Mbwana Samatta, mshambuliaji wetu wa Tanzania, alifeli Ulaya kwa sababu ya Aston Villa ya England ni kumwonea. Pale alikaa nusu msimu tu, ndani ya timu iliyokuwa ikipigania kutoshuka daraja, krosi zenyewe za kuhesabu. Na bado aliwafunga Bournemouth kwenye ligi, kisha Manchester City kwenye fainali ya Kombe la Ligi Machi 2020.

Mpime kwa Genk ya Ubelgiji. Alifika Januari 2016 akitokea TP Mazembe ya Kongo, akiwa bingwa wa Afrika ngazi ya klabu, na msimu wa 2018/19 akafunga mabao 23 ya ligi, Genk wakabeba ubingwa wa Ubelgiji. Kumbuka pia kile kichwa cha Anfield dhidi ya Liverpool, Ligi ya Mabingwa! Mshambuliaji anaishi kwa huduma: Genk walimletea mipira ndani ya boksi, pale Villa alikuwa akikimbiza mipira mirefu peke yake. Baadaye PAOK, ubingwa wa Ugiriki 2024. Mtanzania gani mwingine amefika huko? Mimi namheshimu sana.