Maswali na Majibu: Waitalia wanaoitwa Esposito

Maswali ya safari hii yanahusu jina moja la ukoo, Esposito, na mengine yanayofanana nalo. Nimeyapanga ili moja lifungue njia ya jingine.

*Hapa Malindi nimekutana na Waitalia kadhaa wanaoitwa Esposito. Mshambuliaji wa Inter, Pio, naye ni Esposito. Je, ni ukoo mmoja?* (Msomaji, Malindi)

Hapana, na hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Jina hili halikutoka kwa babu mmoja. Limetokana na neno la Kilatini *expositus*, aliyewekwa nje, na waliopewa walikuwa watoto wachanga walioachwa kwenye milango ya makanisa na hospitali.

Mahali panapojulikana zaidi ni Santissima Annunziata, kanisa na makao ya watoto walioachwa, mjini Napoli. Ukutani palikuwa na pipa la mbao lililozunguka, wenyewe wakiliita *ruota*, yaani gurudumu. Aliyeko barabarani alimlaza mtoto humo, akalizungusha, na aliyekuwa zamu ndani akampokea bila kuuona uso wa aliyemleta. Mtoto alioshwa, akabatizwa, akaandikwa kitabuni: alifika lini, alikadiriwa kuwa na umri gani, alivaa nini. Kwa kuwa baba hakujulikana, akaitwa Esposito. Fanya hivyo kizazi baada ya kizazi, na utapata maelfu ya familia zenye jina moja zisizo na damu moja. Leo Esposito ni kati ya majina ya ukoo yaliyoenea zaidi Italia nzima, na kitovu chake ni Napoli na vitongoji vyake. Pio mwenyewe anatoka Castellammare di Stabia, jirani kabisa na Napoli. Ndugu zake wa damu katika soka ni Salvatore na Sebastiano, si kila Esposito unayemwona uwanjani.

*Watangazaji wetu wanasema Espo-SI-to. Ni sawa?* (Msomaji, Morogoro)

Mkazo uwe kwenye *spo*: e-SPO-si-to. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana ulimi wetu unateleza.

*Jina la namna hiyo si aibu kwa mwenye nalo? Mimi nisingependa watu wajue babu yangu aliokotwa.* (Msomaji, Kisumu)

Aibu ilikuwepo, tena kali. Mtu aliposema jina lake tu, mji wote ulijua. Joachim Murat, aliyekuwa mfalme wa Napoli kuanzia 1808 hadi 1815, alipiga marufuku kuwapa watoto wapya jina hilo, na makarani wakaanza kuwabunia mengine. Lakini waliokuwa nalo tayari walibaki nalo, wakaoa, wakazaa. Gurudumu la Annunziata lenyewe lilifungwa 1875.

Ila nakuomba uangalie upande wa pili. Watoto hao waligawiwa kwa wanawake wa kuwanyonyesha, na wengi sana walikufa wangali wachanga. Kila Esposito aliye hai anayetokana na mtoto wa gurudumu ana babu aliyenusurika pale ambapo wenzake hawakunusurika, na kuna mwanamke asiye mama yake aliyemnyonyesha. Watu wa Napoli waliwaita watoto hao wana wa Madonna, yaani wa Bikira Maria. Mimi sioni la kuficha hapo.

*Mama aliyemwacha mtoto angeweza kurudi kumchukua?* (Msomaji, Zanzibar)

Ndiyo, na swali hili ndilo lililonigusa kuliko yote. Si kila aliyeacha mtoto alikuwa amemkataa. Wengine walishindwa kumlisha, wengine walizaa nje ya ndoa, na kuna watoto ambao mama zao walifariki. Wengi walimfunga mtoto alama: nusu ya medali, sarafu iliyokatwa, utepe, kikaratasi chenye jina. Nusu nyingine ilibaki kwa mzazi, ili akirudi baada ya miaka, vipande viunganishwe na ijulikane ni wake. Ndiyo sababu waandishi wa vitabu vile waliorodhesha hata rangi ya kitambaa. Ukifika Firenze, jumba la makumbusho la Ospedale degli Innocenti, nyumba ya watoto iliyochorwa na msanifu majengo Brunelleschi na kufunguliwa 1445, linaonyesha nusu hizo. Medali nyingi zimebaki nusu mpaka leo.

*Miji mingine nayo ilitumia Esposito?* (Msomaji, Bujumbura)

Kila mji ulikuwa na lake. Firenze walipewa Innocenti, kwa jina la nyumba hiyo. Roma ni Proietti, maana yake waliotupwa. Milano walipewa Colombo, njiwa, kwa sababu njiwa alikuwa nembo ya hospitali kuu ya mji. Desturi hiyo ya Milano ilikoma 1825.

Tahadhari lakini: si kila Colombo ametoka hospitalini. Jina hilo lilipewa pia wafugaji wa njiwa, au lilikuwa la utani tu. Cristoforo Colombo, baharia wa Genova, hahusiani na watoto wa Milano.

*Siku hizi mtoto akiokotwa Italia anaitwaje?* (Msomaji, Dodoma)

Afisa wa usajili humchagulia jina na jina la ukoo, na sheria inamkataza kutumia lolote litakalofichua kwamba wazazi hawajulikani. Akiasiliwa, huchukua jina la familia mpya. Mwanamke pia anaweza kujifungua hospitalini bila jina lake kuandikwa kwenye cheti cha mtoto, akamwacha salama mikononi mwa wauguzi.