Ati "Ameokoka Sana"?

Swali: Katika kikundi chetu cha kusoma Biblia kumezuka mabishano. Mimi nimezoea kusema "nimeokoka", lakini mwenzangu mmoja hunikosoa kila mara, akidai kwamba neno hilo ni la majivuno kwa sababu linaonyesha kuwa nimejiokoa mwenyewe, na kwamba Mkristo mnyenyekevu hana budi kusema "nimeokolewa". Kisarufi, nani mwenye haki? Pili, tuandike "wokovu" au "uokovu"?

Jibu: Mwenzako ana unyenyekevu wa kupendeza na sarufi mbovu. Kiambishi -k- kilichomo katika "okoka" ni cha kauli ya kutendeka, na kauli hiyo haimtaji mtenda wala haimkani. Inaeleza tu hali ambayo mtendwa amefikia. Tusemapo kikombe kimevunjika hatudai kwamba kikombe kilijivunja, na mlango uliofunguka huenda ulifunguliwa na mtu, na upepo au na paka. Anayejisifu ni yule asemaye "nimejiokoa", kwa kuwa hapo kiambishi -ji- kinamfanya mtu kuwa mwokozi wa nafsi yake, na huyo sijamsikia kanisani hata siku moja, ingawa nimewasikia wengi wanaoishi kana kwamba ndivyo walivyosema.

Mwenzako akitaka ushahidi wa Maandiko, ampime askari wa gereza la Filipi. Katika Biblia ya mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumekulia, askari huyo anauliza, "Yanipasa nifanye nini nipate kuokoka?", naye anajibiwa kwamba akimwamini Bwana Yesu ataokoka. Waefeso kwa upande wao wanaambiwa, "Mmeokolewa kwa neema." Kitenzi cha Kigiriki, lugha ya asili ya Agano Jipya, katika sehemu hizo zote ni kimoja, sozo, na kila mara kimo katika kauli ya kutendwa, ile ya "okolewa". Watafsiri walitumia kutendeka huku na kutendwa kule, wakiamini kwamba msikilizaji wa Kiswahili hatapotea. Mwenzako amepotea, lakini kosa si lao.

Tofauti moja ipo, nayo ina manufaa. Ukitaka kumtaja mtenda, tumia "okolewa": nimeokolewa na Kristo. Usiseme "nimeokoka na Kristo", maana kiunganishi "na" kikifuata "okoka" hutaja hatari iliyomkosa mtu, kama katika "ameokoka na kifo", na sentensi yako itamfanya Mwokozi kuwa ajali uliyoiponea chupuchupu. Hata "okolewa na" ina mtego wake. Warumi 5:9 katika tafsiri hiyohiyo husema "tutaokolewa na ghadhabu kwa yeye", na msomaji mwenye haraka anaweza kudhani kwamba ghadhabu ndiyo itakayotuokoa. Leo ningeandika "kutoka katika ghadhabu", nikakubali sentensi kuwa ndefu kidogo.

Hapo swali lako limekwisha. Lakini kwa kuwa umenitajia neno hili, ndugu msomaji, huna budi kunivumilia, kwa sababu kuna kauli inayonikera kwa miaka mingi nami nilikuwa nikingoja mtu anifungulie mlango. Kauli yenyewe ni "ameokoka sana".

Huisikia kila pahali. Fulani hacheki ovyo, nguo zake ni ndefu, sala yake ya kubariki chakula huacha chakula kikipoa, basi watu husema, "Yule ameokoka sana." Mwingine huhudhuria ibada mara mojamoja na hupenda muziki wa kidunia, naye huambiwa kwamba ameokoka lakini "si sana", au, kwa lugha ya wapole, kwamba "bado hajaokoka vizuri". Nimewahi hata kumsikia mhubiri akiwagawa wasikilizaji wake katika waliookoka, waliookoka kidogo na waliookoka kwelikweli, kama mpishi anayeeleza jinsi nyama ilivyoiva.

Sisemi kwamba "sana" haiwezi kuandamana na kauli ya kutendeka. Mtu huchoka sana, na gari huharibika sana, kwa sababu kuchoka na kuharibika kuna viwango. Lakini viko vitenzi vinavyotaja mpaka uliovukwa, na mpaka ama umevukwa ama haujavukwa. Hakuna aliyezaliwa sana. Hakuna msafiri aliyefika sana. "Okoka" ni mmoja wa ukoo huo, na asiyeniamini na afungue sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, ambako kitenzi hiki kinafanya kazi yake ya awali kabisa, yaani kazi ya baharini.

Ndani ya merikebu iliyokuwa ikimpeleka Paulo Rumi walikuwamo watu 276: mabaharia, askari, wafungwa na Paulo mwenyewe. Siku nyingi hawakuona jua wala nyota, wakakata tamaa ya kuokoka. Neno ni hilohilo. Mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, Paulo alimwambia akida, yaani mkuu wa askari, kwamba hao wasipobaki merikebuni wengine hawataweza kuokoka; tena neno ni hilohilo. Hatimaye merikebu ilikwama, tezi, yaani upande wake wa nyuma, ikaanza kuvunjika kwa nguvu ya mawimbi, na amri ikatolewa: wajuao kuogelea wajitupe kwanza, wengine wafuate juu ya mbao na vipande vya merikebu. Wote 276 wakafika nchi kavu.

Sasa niambie: ni nani kati yao aliyeokoka sana? Je, ni muogeleaji hodari aliyetia mguu mchangani wa kwanza, huku mfungwa aliyekumbatia ubao, macho ameyafumba, akiwa ameokoka kidogo? Je, aliyeshika ubao mpana aliokoka kuliko aliyeshika ubao mwembamba? Na yule aliyefika wa mwisho, amekunywa maji ya chumvi na kupoteza viatu, tuseme hajaokoka vizuri? Luka, aliyeandika habari hii kwa uangalifu hata akawahesabu abiria, hakuona haja ya kuwapanga katika madaraja. Walikuwa majini, sasa wako nchi kavu, basi.

Tena habari haiishii hapo, nami siwezi kuiachia njiani. Wenyeji wa kisiwa kile, ambacho ni Malta, waliwawashia moto kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha na baridi ilikuwa kali. Yaani waliookoka walikuwa wamelowa chepechepe na kutetemeka. Hapa ndipo linapoanguka kosa la pili, pacha wa lile la kwanza, ambalo husemwa kwa mshangao wa uongo: "Kama ameokoka, mbona amekasirika?" Neno "okoka" lilimtoa mtu majini, halikudai kwamba amekauka. Kukauka ni kazi ya moto na muda, na wanateolojia wana neno lake, ambalo ni utakaso. Mtu anaweza kutakaswa zaidi mwaka huu kuliko mwaka jana, anaweza kumcha Mungu sana, anaweza kuwa mshika dini kupita kiasi. Maneno yote hayo yanaipokea "sana" kwa mikono miwili. Kwa nini tunailazimisha "okoka" kuibeba, ilhali wabebaji wapo?

Nadhani sababu ni kwamba neno limepoteza kijalizo chake, yaani maneno ya kulikamilisha. Zamani mtu aliokoka na kitu fulani: na gharika, na upanga, na dhambi, na mauti. Tulipoacha kutaja kitu chenyewe, pakabaki pengo, na pengo hilo tumelijaza kwa orodha ya tabia: hanywi, havuti, hachezi dansi. Hivyo neno lililotaja tendo la Mungu limegeuzwa jina la mwenendo wa binadamu, na mwenendo, bila shaka, hupimwa kwa "sana" na "kidogo". "Mlokole" nalo lilipita njia hiyo. Lilitufikia kutoka Kiganda, likabebwa na uamsho ulioenea kutoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, likiwa na maana ya mtu aliyeokoka tu. Leo latumika nusu kwa heshima na nusu kwa kejeli, na wapo wanaosema "amelokoka" wakiwa na maana kwamba fulani hapendezi tena kukaa naye. Hilo nimelisamehe, kwa kuwa angalau mlokole ni nomino na yaweza kujitetea.

Najua atatokea msomaji wa kunirushia Wafilipi 2:12, "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka". Nakubali, lakini "timizeni" si "ongezeni", na aya inayofuata inasema kwamba Mungu ndiye atendaye kazi ndani yao. Najua pia kwamba Paulo huliweka tendo hili katika nyakati zote: "tuliokolewa" kwa Warumi, "mmeokolewa" kwa Waefeso, "tunaookolewa" kwa Wakorintho, "tutaokolewa" kwa Warumi tena. Makanisa yamegombana kwa karne nyingi, na ukiyasikiliza kwa masikio ya mwanasarufi utaona kwamba sehemu kubwa ya ugomvi ni wa viambishi vya wakati: huyu ameshikilia -me- na kukataa kuiachia, yule anang'ang'ania -ta-, na wa tatu anaihubiri -na-. Sitawaamulia. Ninachojua ni kwamba katika viambishi vyote vinne hakuna "sana".

Mabango yaandikwayo "Okoka leo!" nimeyazoea, ingawa amri katika kauli ya kutendeka ni kitu cha ajabu, jaribu kukiamuru kikombe "vunjika!" uone kama kitakusikia. Watafsiri wenyewe walibabaika hapo. Katika Matendo 2:40 Kigiriki kina amri ya kutendwa, wao wakaandika "jiokoeni", yaani neno lilelile ambalo mwenzako alidhani unalisema wewe. Mwonyeshe aya hiyo, atapata la kufikiri.

Kuhusu swali lako la pili: ni "wokovu". Kiambishi u- kikutanapo na irabu aghalabu hugeuka w-, na nomino yenyewe imetokana na "okoka", kama "uchovu" ulivyotokana na "choka". Kwa hiyo ni jina la hali. Anayetenda ni mwokozi, kutoka "okoa", kama vile mkombozi atokavyo katika "komboa". Ukitaka jina la kazi ya kuokoa, lipo "uokoaji", ambalo kwa ukaidi wake limeibakiza u- yake, lakini hilo waachie wazimamoto.