Friji ya volti 12 kwenye gari la kulala porini: usichukue umeme tundu la sigara

Mkuu, simamisha hiyo kazi kabla fundi hajarudisha paneli! Umesema friji ni ya lita 40, inakaa nyuma ya Land Cruiser, na fundi anataka kuvuta umeme kutoka tundu la kuwashia sigara kwa waya wa milimita za mraba 1.5 kwa sababu "friji yenyewe ndogo".

Kutoka betri ya mbele hadi nyuma ni kama mita 5. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 10. Kompresa (pampu ya friji) ikivuta ampia 5, waya huo unakula zaidi ya nusu volti, na wakati wa kuwaka inavuta zaidi ya hapo. Tundu likishalegea kwa rasta za porini nalo linakula lake. Kompresa kama Secop BD35F, iliyokuwa ikiitwa Danfoss, hujizima volti zikishuka hadi 10.4 na haiwaki tena mpaka zifike 11.7. Asubuhi nyama inanuka.

Sasa ndipo pesa zinapoliwa. Friji ikishajizima, umeme hautembei, basi ukipima unaona 12 na ushee, kila kitu safi. Fundi friji anatamka neno lake pekee: "Gesi imeisha." Anakata bomba lililokuwa zima, anajaza kwa kukisia mfumo unaopokea makumi machache tu ya gramu. Hana mizani, ana uzoefu! Gesi ikizidi, kompresa inavuta ampia nyingi zaidi, volti zinashuka zaidi, na unyevu umeshaingia ndani. Kilichohitaji waya sasa kinahitaji kompresa. Na usiniulize najuaje.

Kwa hiyo: pima volti kwenye plagi ya friji KOMPRESA IKIWA INANGURUMA, kisha pima kwenye betri. Tofauti ikizidi 0.3, tatizo ni waya au viungio, na mtu wa gesi asiguse kitu.

Vuta waya wa milimita za mraba 6, chanya na hasi zote kutoka betri yenyewe, usitegemee bodi ya gari kurudisha umeme. Kwa mita zilezile unapoteza takriban 0.15 tu. Fyuzi ya ampia 15 ikae shibiri moja kutoka betri, siyo kule nyuma, maana inalinda waya usiwake moto. Kwangua waya kwa kisu kabla ya kulipa: ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha dukani. Mwishoni mwa waya, kule nyuma, weka plagi ya Anderson, ile nene isiyolegea kwa mtikisiko. Betri ya pili ni lazima, vinginevyo friji itamaliza betri ya kuwashia na utasukuma gari.

Ule waya wa 1.5 alioupitisha tayari mwambie afungie taa ya ndani.