Watani wetu wanafilisika na mimi roho inaniuma, je huo ni usaliti?

Barua za safari hii karibu zote zimegusa kitu kimoja, klabu kuishiwa hela, na hasa klabu ya mtani. Nimeona niziweke pamoja hapa maana zinajibizana zenyewe kwa zenyewe.

SWALI: Shikamoo kaka. Timu ya watani wetu wa jadi iko hoi, wachezaji hawajalipwa, mmiliki hapokei simu na tetesi zinasema wanaweza wasimalize msimu. Hao watu nimewachukia toka utotoni, baba alinilea hivo, lakini juzi nimekutana na jirani yangu ambaye ni wa kule, mtu ambaye kila wikiendi tunatambiana, nikamuona kanyamaza tu na jezi yake nikashindwa kabisa kumtania. Nikaandika kwenye grupu letu tuwaache kwanza wapumue, aisee nilitukanwa hadi nikajitoa. Wananiita msaliti. Kaka, mimi ni shabiki feki?
Shabiki mwenye mawazo

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wewe si feki na wala usirudi kule kuomba radhi. Kutaka mtani afungwe ni kitu kimoja na kutaka mtani afutwe ni kitu kingine kabisa, sema tumezoea kuviimba vyote kwa wimbo mmoja. Tukiwa jukwaani tunaimba wafe, wazikwe, wapotee, na tunaimba kwa raha kwa sababu tunajua msimu ujao watakuwepo tu. Siku inapotokea kweli wanataka kupotea ndo mtu mwenye akili zake anashtuka kama ulivyoshtuka wewe.

Nenda Scotland mwaka 1990. Mwenyekiti wa Hearts, Wallace Mercer, alitaka kuinunua Hibs, watani wao wa mji huohuo wa Edinburgh, aziunganishe iwe klabu moja. Kwa hesabu za grupu lako hiyo ilikuwa ndoto ya kila shabiki wa Hearts, mtani anamezwa mzimamzima. Mashabiki wa Hibs waliwaka moto, hilo ulitegemea, lakini walikuwepo na wa Hearts waliosema hapana, sisi tunataka kuwafunga hawa, hatutaki wasiwepo. Mpango ukafa. Miaka ikapita, 2013 ikawa zamu ya Hearts wenyewe kuwekwa chini ya msimamizi wa mufilisi, yani mtu anayekabidhiwa klabu iliyoshindwa kulipa madeni, wakaanza msimu na pointi 15 pungufu na wakashuka daraja, na kilichowainua ni mashabiki wao kutoa mchango wao mwezi kwa mwezi mpaka leo klabu iko mikononi mwao.

Alafu kuna Brighton, hii naipenda sana. 1997 walikuwa klabu ya mwisho kabisa ukizipanga ngazi zote nne za ligi ya Uingereza, uwanja wao wa Goldstone ulishauzwa ili kulipa madeni, na hawakuwa na kwa kwenda. Tarehe 8 Februari ikaitishwa siku ya mashabiki wote kwenye mechi yao na Hartlepool, na wazo lenyewe lilitoka kwa kijana shabiki wa Plymouth, hana undugu wowote na Brighton. Watu wakaja kutoka klabu kibao na kila mmoja kavaa jezi yake. Hebu fikiria jukwaa moja lina rangi za watu ambao wiki iliyopita walikuwa wanazomeana, wamesimama wanaishangilia timu isiyo yao. Brighton wakashinda 5-0 na siku ya mwisho ya msimu wakapona kwa sare. Hakuna hata mmoja pale aliyebadilisha timu, walirudi makwao wakiwa walewale.

Kwahiyo jirani yako akiwa kanyamaza mkalie karibu tu. Utani upo, mtautoa siku nyingine.

SWALI: Mhariri, mimi sitaki kusikia habari za huruma. Hawa watani wetu kwa miaka yote walikuwa wanasajili mastaa, wanatupiga nne, tano, wanabeba makombe wanatucheka, kumbe hela hawana, ni madeni matupu. Sisi tulikuwa tunauza wachezaji wetu wazuri ili tulipe mishahara kwa wakati. Leo wamebanwa ndo tuambiwe soka ni familia? Sisi tulipokuwa tunalia nani alituonea huruma?
Nimechoka

JIBU: Ndugu yangu, una haki ya kukasirika, na wanaokwambia usahau yote siku moja eti kwa sababu wenzako wanalia wanakuonea. Ulichosema ni kweli tupu. Klabu inayotumia hela isiyokuwa nayo inaiba nafasi ya klabu inayobana matumizi, iwe ubingwa, iwe kubaki ligi kuu. Portsmouth walibeba Kombe la FA 2008, na Februari 2010 wakawa klabu ya kwanza ya Premier League kuwekwa chini ya msimamizi wa mufilisi, wakapokwa pointi 9 na wakashuka. Derby County msimu wa 2021-22 walipokwa pointi 21. Adhabu kama hizo ziwepo na zikate kwelikweli, na wewe kuzitaka hakukufanyi uwe na roho mbaya.

Tena mfano mkubwa ni Rangers wa Glasgow. Tarehe 14 Februari 2012 waliingia kwa msimamizi wa mufilisi, mamlaka ya kodi ikakataa mpango wao wa kulipa sehemu tu ya deni, kampuni ya zamani ikaenda kufilisiwa na mali zikanunuliwa na kampuni mpya kwa paundi milioni 5.5. Kukawa na watu wakubwa wanaotaka hiyo kampuni mpya ipokelewe ligi kuu kama vile hakijatokea kitu, kwa hoja kwamba bila Rangers hela za televisheni zitapungua kwa wote. Mashabiki wa klabu nyingine nchi nzima wakasema mkifanya hivo tiketi za msimu hatukati. Klabu zikapiga kura, ligi kuu ikawakatalia, wakaanzia daraja la nne. Mimi nasema ile ilikuwa sawa kabisa. Na angalia, daraja la nne hilohilo mechi yao ya kwanza ya ligi nyumbani iliingiza watu zaidi ya 49,000. Adhabu iliuma lakini watu walibaki na timu yao. Hapo ndo mstari wangu ulipo, sheria ikate mpaka mfupani ila klabu isifutwe.

Sasa kaka, hasira yako ielekee kwa mhusika mwenyewe. Klabu ikifilisika Uingereza kuna utaratibu kwamba deni la wachezaji na la klabu nyingine za soka linalipwa lote, hao wengine wanagawana kilichobaki na mara nyingi ni senti. Yani yule straika aliyekufunga magoli mawili atapata chake. Asiyepata ni mwenye kampuni ndogo ya usafi, aliyechapisha tiketi, aliyeleta maua. Kwenye orodha ya waliokuwa wanaidai Portsmouth walikuwemo St John Ambulance, watu wa huduma ya kwanza wanaokaa pembeni ya uwanja kuwabeba mashabiki waliozimia. Rangers nao waliwaacha na deni watu wa magari ya wagonjwa wa Scotland. Nakuuliza kwa wema kabisa, ukishangilia kufilisika unamshangilia nani? Mmiliki keshaondoka, na anayelipia ile mikopo iliyokufunga wewe ni mtunza vifaa ambaye hajaona mshahara.

Na kuhusu nani aliwaonea huruma nyie, kama hakuna aliyefanya hivo walikosea. Mimi nisingependa mlipe kwa kukosea vilevile.

SWALI: Watani wetu wanachangisha mtandaoni. Wanauza na fulana maalum. Nichange au nitakuwa nampelekea hela mtu aliyeiua klabu? Halafu kuna wenzetu wanasema tukichanga tuwakumbushe kila siku kwamba tuliwaokoa.
Mwenye mkono mfupi

JIBU: Kwanza angalia hela inaingia wapi. Kama akaunti ni ya klabu yenyewe na mmiliki bado ni yuleyule, usitoe hata senti, itamezwa na deni na hutajua ilikoenda. Kama ni mfuko wa wafanyakazi ambao hawajalipwa, au chama cha mashabiki kilichosajiliwa na kinachotoa hesabu zake wazi, toa bila wasiwasi. Vyama hivyo si mchezo, Portsmouth baada ya kuanguka mara ya pili walinunuliwa na chama cha mashabiki wao 2013, na waliishikilia mpaka 2017.

Fulana pia inafanya kazi. St. Pauli wa Hamburg 2003 walikuwa wamebakiza pumzi tu, wakauza fulana zilizoandikwa "mwokozi" na watu wasio mashabiki wao wakazinunua, na Bayern Munich wakaenda kucheza nao mechi ya kirafiki ili mapato yawasaidie. Bayern haohao, Dortmund walipokuwa wanashindwa kulipa mishahara mwaka 2004, waliwakopesha euro milioni 2 bila dhamana. Tulikuja kusikia 2012 Uli Hoeness, rais wa Bayern wakati huo, alipolitoa hadharani, na Dortmund wakasema deni walishalirudisha zamani. Sasa tazama kilichofuata, Dortmund walibeba ubingwa wa Ujerumani 2011 na 2012, wote Bayern wakiwa wanaangalia, halafu 2013 wakakutana fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Wembley, Bayern wakashinda 2-1. Fainali ile isingekuwepo kama mtani angeachwa afe.

Hao wanaosema tuwakumbushe kila siku, waambie basi wasitoe. Ukishamchangia mtu halafu ukamuimbia kila dabi ule mchango wako unageuka tusi, bora ungenyamaza na hela yako mfukoni. Mimi ningetoa kidogo, kimyakimya, na siku ya dabi ningepiga kelele kama kawaida.

SWALI: Wakifutwa si ndo tutatawala peke yetu? Tatizo liko wapi?
Bingwa mtarajiwa

JIBU: Celtic, watani wa Rangers pale Glasgow, walibeba ubingwa kila msimu toka 2012 mpaka 2020, na kwa misimu minne, kuanzia ule wa 2012-13, Rangers hawakuwepo ligi kuu. Makombe yalikuja, sawa. Lakini dabi ya ligi, ile inayokufanya ushindwe kula siku nzima, haikuchezwa tena mpaka Septemba 2016, na iliporudi Celtic waliwapiga 5-1, na furaha ya siku ile hakuna ubingwa wa mteremko uliowahi kuifikia.

Na kabla hujatamba kumbuka Machi 1994 ni Celtic hao hao waliokuwa wamebakiza masaa benki iwafungie, mfanyabiashara Fergus McCann akaja na hela yake, na baadae mashabiki kwa maelfu wakanunua hisa. Miaka 18 baadae ikawa zamu ya upande wa pili. Sikutishi ndugu yangu, nenda tu kaulize hesabu za klabu yako mwenyewe, unadaiwa na nani, uwanja ni wa nani, mmiliki akiamka kesho kachoka nani analipa mishahara. Bury walikuwa kwenye ligi ya Uingereza miaka 125, wana Kombe la FA la 1900 na la 1903, klabu ikauzwa kwa paundi moja na mwezi Agosti 2019 wakafukuzwa. Siku zile za mwisho watu walijitokeza na ndoo na vitambaa kufuta viti vya Gigg Lane ili uwanja uwe tayari kama mechi itaruhusiwa, wengine si hata mashabiki wa Bury. Waling'arisha viti na mechi haikuchezwa. Bolton, majirani zao, walikuwa kwenye shimo hilohilo wiki hiyohiyo na wakanunuliwa siku moja tu baada ya Bury kufutwa. Hapo nani alikuwa bingwa na nani marehemu ilikuwa ni suala la saa chache.

SWALI: Habari kaka. Mwanangu wa miaka tisa amewaliza wenzake shuleni kwa kuwaimbia kwamba timu yao imekufa. Mwalimu kaniita. Baba yake anacheka, anasema ni mpira tu. Mimi nimeona aibu. Nimwambie nini?
Mama mtu

JIBU: Salama dada. Shemeji anacheka kwa sababu yeye aliikuta timu ipo na anaamini itakuwepo, mtoto wa miaka tisa aliyeambiwa timu yake imekufa hana uhakika huo, anaamini kweli imekufa. Usimkataze mwanao utani, utamfanya aone mpira una aibu. Muulize swali moja, nani unataka umfunge mwaka kesho? Atajibu jina la watani haraka sana. Mwambie basi lazima wawepo. Halafu aende kwa wenzake, na si lazima aseme samahani ya kukaririshwa, awaulize tu kama wana habari yoyote ya timu yao, watoto wataelewana hapohapo. Na shemeji mwambie nimesema ampeleke mtoto dabi ijayo, kama itakuwepo, akae naye na amuoneshe wale wa upande wa pili wanavyoingia na watoto wao.