Nesi kumbadilishia mama dawa za akili

Dadangu pole sana na mamako. Umeuliza kama ni sawa nesi wa kliniki hapo Likoni kumpunguzia haloperidol, dawa yake ya akili, bila daktari kumuona, na sasa mama hataki kumeza kabisa maanake anasema yule si daktari. Usimgombeze, hofu yake naielewa, huku kwetu tumezoea dawa iandikwe na daktari basi. Lakini Uingereza manesi waliosomea zaidi wanaruhusiwa tangu 2006 kuandika karibu dawa zote, na wagonjwa wengi wa akili huko husema nesi ana muda nao, anawasikiza, ijapokuwa wapo wanaotaka mambo mazito yabaki kwa daktari, na kwa hilo mimi niko nao.

Haloperidol yaweza kukaza misuli, kutetemesha mikono, mtu hata kukaa akatulia hawezi, kwa hivyo huenda nesi aliona hayo ndo akapunguza. Rudini kesho na mama mwenyewe aulize: umepunguza kwa nini, daktari anajua, na wewe umesomea na una ruhusa ya kuandika hizi? Nesi mzuri hakasiriki wallahi. Akikwepa, ombeni daktari wa akili, hospitali ya Port Reitz kuna kitengo cha akili.

Ila kuacha ghafla ndo hatari, ugonjwa hurudi, mwambie hivyo kwa upole. Akianza kukesha ama kusikia sauti tena, au homa kali na mwili kukakamaa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, msingoje apointimenti.