Madai 14, yakabaki matano: nilichojifunza kwa mchunguzi wa hataza

Barua ilikuwa na kurasa sita. Niliisoma nimesimama karakana, mkono mmoja una grisi, nikitafuta neno "hongera". Halikuwemo. Nilikuwa nimeomba hataza, yaani patent, haki ya mvumbuzi juu ya alichobuni, kwa kiungio changu cha dripu. Maombi yalikuwa na madai 14, yaani sentensi zinazosema ni kipi hasa ninachodai ni changu, na yote 14 yalikuwa na kasoro. Manane yalipigwa herufi X, mawili Y (maana yake nitaieleza mbele), mawili yaliambiwa ni njia ya kutibu mtu, na mawili ya mwisho mchunguzi aliandika kwamba hayaeleweki. Nikaikunja, nikaiweka chini ya boksi la fyuzi, sikuigusa wiki nzima.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba hapa Dodoma. Natengeneza mashine za oksijeni, sakshen, pampu za dripu, mashine za presha zilizokufa. Sheria sikusomea. Ninayoandika hapa ni yale yaliyonipata, na kama una kidude chako kabatini unachotaka kukiombea hataza, huenda yakakupunguzia wiki kama ile yangu.

Kwanza kiungio chenyewe. Siku moja aliletwa mgonjwa kutoka vijiji vya ndani huko Chemba, njia ya vumbi na makorongo. Kufika mapokezi, blanketi limelowa chapachapa: mrija wa dripu ulichomoka kwenye kanula, kile kijibomba kinachokaa mshipani, njiani na hakuna aliyeona. Sista wa zamu akaniita. "Fundi, ninyi mnatengeneza mashine za mamilioni, hiki kidude kidogo mbona kinatushinda?"

Kidude hicho kinaitwa Luer, jina la mtengeneza vifaa wa Paris wa karne ya 19. Ni koni ya dume inayoingia kwenye tundu la jike, mteremko wake asilimia 6, yaani kwa kila milimita 100 za urefu kipenyo kinabadilika milimita 6. Kuna aina inayosukumwa tu, na kuna yenye kola ya nyuzi kama za skrubu unayoizungusha ili ikaze. Tatizo la hii ya pili ni kwamba ukiizungusha nusu, kwa macho inaonekana imefungwa. Usiku, wodi ina wagonjwa arobaini na muuguzi ni mmoja, nani ataona tofauti?

Nikatengeneza kola isiyokubali kuzunguka mpaka koni iwe imekaa kabisa. Ndani yake kuna meno mawili madogo yaliyolala kwenye vijishimo vya shina. Yakiwa humo, kola imegoma. Koni ya dume ikiingia hadi mwisho, ukingo wa jike unayasukuma meno yatoke kwenye vijishimo, ndipo kola inazunguka robo duara na kulia "tak". Ukiachanisha, vali ya mpira inajifunga. Nilikereza ya kwanza kwa nailoni, zikaharibika kumi na moja, ya kumi na mbili ikalia.

Sasa sikia ujinga wangu. Nilipoandika madai, niliandika hivi: "Kiungio cha kuhamishia vimiminika vya tiba, chenye sehemu mbili, kola inayofunga kwa robo duara, na vali inayojifunga sehemu hizo zinapoachana." Meno hayamo! Kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho wengine hawakuwa nacho sikukiweka kwenye madai. Nilidhani ukidai kitu kipana unapata shamba kubwa. Kumbe ukiweka mpaka mpana, ndani yake unakuta watu wamekwishajenga.

Herufi zile maana yake ni hii. X ni hati ambayo peke yake inatosha kuangusha dai lako: ama kitu kile kile kimeshaandikwa, ama tofauti yake na chako ni ndogo mno kuitwa uvumbuzi. Y inakuangusha ikiunganishwa na hati nyingine, kwa sababu mtu mwenye ujuzi wa fani angeweza kuziweka pamoja bila kuumiza kichwa. A ni habari ya mazingira tu, haikugusi. Mimi ukurasa mzima ulijaa X. Hati iliyonipiga madai manane ilikuwa ya zamani kuliko cheti changu cha kidato cha nne, na mchoro wake wa pili ungeweza kuwa wangu: robo duara, vali ya mpira, kila kitu.

Hati ya Y ndiyo iliyoniudhi zaidi. Ilihusu kiunganishi cha mpira wa kumwagilia bustani. Nikasema huyu mchunguzi amechoka, bustani na mshipa wa mgonjwa wapi na wapi? Nikampigia mwalimu wangu wa zamani wa chuo, mzee ambaye amewasaidia wengi kuandika maombi haya. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba kijana wangu. Hebu niambie, wazo la ile kola ulilitoa wapi?" Nikanyamaza. Nililitoa kwa mjomba wangu Makutupora, kwenye shamba lake la zabibu, nikimsaidia kufunga mipira ya umwagiliaji wa matone, ambayo na yenyewe pale shambani wanaiita dripu. Kiunganishi chake kinafungwa kwa robo duara. Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. Kama mimi fundi wa hospitali niliweza kuchukua wazo shambani, basi mtu mwenye ujuzi wa fani anaweza pia, na ndivyo mchunguzi alivyosema, kwa maneno ya heshima zaidi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kutafuta kabla hujaandika, na kutafuta nje ya fani yako. Espacenet, hazina ya hati za hataza ya ofisi ya Ulaya, ni bure; Google Patents pia. Mimi nilitafuta kwa neno moja la Kiingereza, nikaangalia ukurasa wa kwanza, nikaridhika. Maneno yanadanganya, maana kiungio kile kile mmoja anakiita hivi, mwingine vile. Tumia namba za makundi ambayo hati za hataza hupangwa kwa aina ya kitu. Viungio vya mirija ya tiba viko A61M 39, na ndani yake 39/10 ndiyo viungio vyenyewe, 39/26 ni vali zinazojifunga zenyewe ukiachanisha. Viunganishi vya mabomba vya kufunga haraka, iwe vya bustani, gesi au kiwandani, viko F16L 37. Ningepita hayo makundi mawili jioni tatu mfululizo, barua ile isingenishtua. Na wewe fundi, usihangaike kusoma kila neno. Pitia michoro. Jicho la fundi linaona jino na mfereji haraka kuliko mwanasheria anavyoona koma.

Viwango navyo usivisahau. Koni ya Luer nisingeweza kuidai hata kwa bahati mbaya. Imo kwenye kiwango cha kimataifa, ISO 80369-7. Familia hiyo ya ISO 80369 ilikuja kwa sababu Luer iliingia kila mahali mpaka chakula cha mrija wa tumboni kikawa kinaweza kuunganishwa kwenye mshipa wa damu, na watu walikufa kwa hilo. Siku hizi mrija wa kulishia una umbo lake, sehemu ya 3 ya familia hiyo, na wa uti wa mgongo lake, sehemu ya 6, makusudi visiingiliane. Ukibuni kiungio cha "kuingia popote" ukidhani ni sifa, utakuwa umebuni lile lile ambalo dunia imetumia miaka kuliondoa.

Madai mawili yasiyoeleweka yalikuwa yameandikwa "kiungio kisichovuja" na "kinachofungwa kwa urahisi". Mchunguzi aliuliza: kisichovuja kwa shinikizo gani, na kwa sababu ya umbo gani? Mimi nilipima kwa kuning'iniza chupa ya maji mita moja juu ya meza. Hiyo ni kama kilopaskali 10. Kipimo cha kuvuja kwenye kile kiwango cha Luer kinaanzia 300. Lakini hata ningekuwa na namba, kutovuja ni matokeo unayoyatamani, nalo dai linataka kusikia kitu kilichoyaleta. Nimeshaona maombi ya vijana wenzangu hapa Dodoma yamejaa "imara", "rahisi", "ya kisasa". Futa yote, andika jino liko wapi na linagusa nini.

Yale ya njia ya kutibu niliyaacha bila ubishi. Sheria yetu ya hataza, kama za nchi nyingi, haitoi hataza kwa njia ya kumtibu mtu. Kifaa kinachotumika katika kutibu ni sawa. Nilikuwa nimedai "njia ya kumwongezea mgonjwa maji", eti niwe namiliki kazi ya sista.

Sasa lililoniokoa, na lililoniuma. Ukishawasilisha maombi, huruhusiwi kuongeza kitu kipya. Unaweza kupunguza madai, kuyabana, kuhamisha kitu kutoka kwenye maelezo kukipeleka kwenye dai, lakini lazima kiwe kilikuwemo tangu siku ile. Kwa bahati, ukurasa wa 7 wa maelezo yangu ulikuwa na sentensi moja juu ya meno, na mchoro wa 4 uliyaonyesha yakiwa kwenye vijishimo vyake. Sentensi ile niliiandika usiku, nusu usingizi, ili tu kujaza ukurasa. Ndiyo iliyokuja kuwa dai la kwanza: "…ambapo kola ina meno mawili yaliyokaa kwenye vijishimo vya shina na kuizuia isizunguke, na ambapo ukingo wa sehemu ya jike, koni inapokaa kikamilifu, huyasukuma meno hayo kutoka kwenye vijishimo." Manne mengine yakajipanga nyuma yake. Mchunguzi aliandika tena, safari hii ukurasa mmoja na nusu, akiomba namba za marejeo kwenye mchoro zirekebishwe. Kwa lugha ya watu hawa, hiyo ni tabasamu.

Kilichoniuma ni pembe. Uso wa kila jino umekatwa kwa nyuzi 38. Nilijaribu 30 yakateleza kabla ya wakati, nikajaribu 45 yakagoma kabisa. Nyuzi 38 ndiyo siri ya "tak". Imo kwenye daftari langu, ina tarehe, ina doa la chai. Kwenye maombi haimo. Niliiweka kwenye jibu langu la kwanza kwa kujiamini na ikarudishwa: haikuwemo siku ya kuwasilisha. Mwalimu alinieleza kwamba ninaweza kufungua maombi mapya kwa ajili yake, yenye tarehe mpya, lakini maombi yangu ya kwanza yakishachapishwa nayo yanahesabika kama kitu kinachojulikana. Yaani nitajitetea dhidi yangu mwenyewe. Basi kabla hujawasilisha, kaa na daftari lako, hamishia kila pembe, kila kipimo, kila kilichoshindikana na kwa nini. Andika "kati ya 30 na 45, ikipendelewa 38". Wino ni rahisi.

Kuhusu kuonyesha watu: mwaka ule niliomba meza kwenye Nane Nane pale Nzuguni, nikachelewa kujiandikisha, wakaninyima. Nilinuna. Leo namwombea heri yule bwana aliyefunga daftari, maana nilikuwa sijawasilisha chochote, na ningekifungua kiungio mbele ya kila mpita njia. Marekani wanampa mvumbuzi mwaka mmoja tangu alipokionyesha mwenyewe. Ulaya, kasoro hali chache sana, ukishaonyesha umejimaliza: hakihesabiki tena kuwa kipya. Status ya WhatsApp nayo ni kuonyesha.

Njia niliyopita mimi ni BRELA, wakala wetu wa usajili, kwenda ARIPO, shirika la kikanda la hataza la Afrika lenye makao Harare, ambalo hufanya uchunguzi wa kina na kuzipa nchi ulizozitaja miezi 6 ya kukataa. Tangu uwasilishe mara ya kwanza una miezi 12 ya kupeleka nchi nyingine ukiwa na tarehe ile ile. Ukienda njia ya kimataifa ya PCT, mkataba wa kuombea nchi nyingi kwa ombi moja, mtu binafsi kutoka nchi kama yetu hupunguziwa asilimia 90 ya ada ya kimataifa ya kuwasilisha, jambo ambalo sikuambiwa na mtu, nililisoma kwenye jedwali la ada saa saba usiku. Na ada za kila mwaka zipo. Ziweke kwenye simu zikukumbushe.

Sista bado ananiuliza kila tukikutana korido: "Fundi, kile kidude lini?" Namwambia hataza si ruhusa ya kukiweka kwa mgonjwa. Kwa hilo kuna TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na wao watataka vipimo vya maabara, plastiki isiyodhuru, namna ya kukitakasa, kiwanda kinachojulikana. Nailoni yangu ya kukereza haitaingia mlangoni pao. "Kwa hiyo mpaka sasa kipo kwenye makaratasi?" Kipo kwenye makaratasi, sista. Na kimoja kipo mfukoni. Nikamtolea akakizungusha mara tatu hivi, tak, tak, tak, akanirudishia akaenda kubadilisha dripu kitanda cha sita.